Tunabadili Lugha, Hifadhidata Inabaki Pale Pale

Mwishoni mwa mwaka 2025 Prisma, mojawapo ya ORM (maktaba zinazogeuza rekodi za hifadhidata kuwa objekti za lugha ya programu) zinazotumiwa sana na waandishi wa TypeScript, lugha iliyojengwa juu ya JavaScript, ilitoa toleo la 7 na kuachana na injini yake iliyoandikwa kwa Rust. Kwa miaka mingi injini hiyo ndiyo iliyokaa katikati: msimbo wako uliipa ombi, yenyewe ikatunga SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata), ikazungumza na hifadhidata, ikapokea majibu na kukurudishia. Sasa SQL inatungwa na kipande kidogo cha msimbo kinachoendeshwa ndani ya JavaScript yenyewe, na mazungumzo na hifadhidata yameachiwa draiva ya kawaida ya Node (programu inayoendesha JavaScript kwenye seva) ambayo mtumiaji lazima aichague na kuiunganisha kwa mkono wake. Habari hiyo ilipofika kwenye magrupu ya developa nilimo, ilipokelewa kwa namna mbili. Wapo waliosema Rust imeshindwa. Wapo, na hao walikuwa wengi zaidi, waliosema zama za ORM zimekwisha, kwamba akili mnemba inaandika SQL kwa sekunde chache na tabaka hilo la katikati halina kazi tena.

Naona pande zote mbili zimeipita habari yenyewe. Waliotengeneza Prisma walieleza kwamba gharama kubwa ilikuwa kuvusha data kutoka lugha moja kwenda nyingine: kila jibu lilipangwa upya ili litoke Rust liingie JavaScript. Rust kwa yenyewe ina kasi ya kutosha. Mpaka kati ya lugha mbili ndio uliokula muda. Na kwa kuondoa injini hiyo, draiva, kile kipande ambacho wengi hukisakinisha mara moja na kukisahau, imerudi mbele ya macho. Hapo ndipo penye hoja yangu. Ugomvi wa ORM dhidi ya SQL tupu ni ugomvi wa ndani ya lugha moja, ilhali hifadhidata nyingi za kazini huandikiwa na lugha mbili, tatu au nne. Mfumo ukishafika hapo, usahihi wa data hauamuliwi na ORM uliyoichagua. Unaamuliwa na ahadi za kila draiva, na masharti yaliyowekwa ndani ya hifadhidata yenyewe.

Tuanze na draiva. Hifadhidata haijui Python, haijui PHP, haijui Java. PostgreSQL inasikiliza kwenye poti 5432, na inachokielewa ni baiti zilizopangwa kwa itifaki yake. Toleo la 3 la itifaki hiyo lilikuja na PostgreSQL 7.4 mwaka 2003, na halikupata mrithi hadi PostgreSQL 18 ilipoleta toleo la 3.2 mwaka 2025. Kwa miaka 22 upande wa seva ulisema lugha ile ile, na kila lugha ya programu iliyozaliwa humo katikati ililazimika kupata mkalimani wake. Mkalimani huyo ndiye draiva. Anachukua ulizo na vigezo vyake, anavigeuza kuwa baiti, anatuma, anasoma kilichorudi, kisha anaamua kila thamani iwe kitu gani kwenye lugha yako. Wakalimani hawa hawakukaa kikao kimoja. ODBC ilitoka Microsoft mwaka 1992, DBI ya Perl mwaka 1994, JDBC ya Java ilifuata mwaka 1997, Python wakaandika PEP 249 mwaka 1999, PHP wakaleta PDO mwaka 2005, na Go ikaja na kifurushi chake cha database/sql katika toleo la kwanza mwaka 2012. Kila mmoja ulikuwa mkataba wa lugha moja na hifadhidata zote, na kila mkataba ulijibu maswali yale yale kwa majibu tofauti. PEP 249 peke yake inaruhusu namna tano za kuonyesha mahali pa kigezo. Mtu akitoka kwenye alama ya kuuliza ya JDBC kwenda kwenye %s ya psycopg, draiva ya Python, kisha kwenye $1 ya Node, atadhani tofauti ni ya mapambo tu. Mapambo ni sehemu ndogo kabisa ya tofauti hizo.

ORM zilikuja juu ya wakalimani hao. Hibernate ilianza mwaka 2001 kwa watu wa Java, Active Record ya Rails ikafuata mwaka 2004, Django mwaka 2005. Ahadi yao ilikuwa nzuri na bado ni nzuri: rekodi ya jedwali inakuwa objekti ya lugha yako, na wewe unafikiri kwa lugha yako. Lakini kuna jambo la kihistoria ambalo nadra kutajwa, nalo limetujengea tabia tuliyonayo hadi leo. ORM hizo zilikua enzi ambayo hifadhidata ya kawaida kwenye seva za bei nafuu ilikuwa MySQL, na MySQL ya wakati huo ilikuwa na injini ya MyISAM kama chaguo la kuanzia, injini isiyosimamia funguo za kigeni, yaani viungo vinavyozuia rekodi kutaja rekodi isiyokuwepo kwenye jedwali lingine. InnoDB ilichukua nafasi hiyo kwenye toleo la 5.5 mwaka 2010. Na sharti la CHECK? MySQL ililipokea bila kulalamika na kulipuuza kabisa, hadi toleo la 8.0.16 mwaka 2019. Mtu aliyeandika CHECK kwamba salio lisishuke chini ya sifuri alipata jibu kwamba jedwali limeundwa, na salio likaendelea kushuka. Kizazi kizima cha waandishi wa programu, nikiwemo mimi niliyeanzia kwenye PHP na MySQL ya kukodi kwa mwezi, kilijifunza kwamba sheria za data huwekwa kwenye msimbo, kwa sababu hifadhidata haiaminiki. Sababu hiyo imeondoka. Tabia imebaki.

Na tuwatendee haki wanaotetea ORM, kwa sababu hoja zao nyingi zina nguvu. Kazi ya kila siku ya programu nyingi ni kusoma rekodi moja, kubadilisha kitu kidogo na kuihifadhi, na kwa kazi hiyo SQL ya kuandika kwa mkono inachosha na huzaa makosa ya kizembe. Zana za kubadilisha muundo wa majedwali hatua kwa hatua, kama za Django na Rails, zimeokoa timu nyingi kutoka kwenye mafaili ya SQL yaliyopotea kwenye laptop ya mtu aliyekwisha kuacha kazi. Upande wa pili nao hauna makosa. ORM huficha idadi ya safari: ukichukua wanachama 200 kisha kwa kila mmoja ukagusa orodha ya mikopo yake, umetuma maulizo 201 pasipo kuandika hata moja kwa mkono. Kama seva ya programu iko Dar es Salaam na hifadhidata iko Ulaya, na kila safari inachukua milisekunde 150, ukurasa huo unamaliza nusu dakika. Na ripoti za kweli, zile za kulinganisha mwezi na mwezi au kupanga matawi kwa nafasi, SQL huzieleza vizuri kuliko ORM yoyote niliyowahi kutumia. Kwa hiyo ndani ya lugha moja nawaachia watu wachague kwa kazi waliyo nayo. Lugha ya pili inapoingia ndipo mambo yanapobadilika.

Chukua fedha. Kolamu ya salio ni BIGINT (namba kamili kubwa), na ndani yake kuna 50000. Java inakupa long, unajumlisha 2000, unapata 52000. Draiva ya pg kwenye Node inakupa maandishi "50000", na ina sababu ya msingi: namba za JavaScript haziaminiki zikizidi 9,007,199,254,740,991, kwa hiyo draiva imeona heri ikupe maandishi kuliko ikupe namba iliyopoteza tarakimu za mwisho. Sasa mwandishi aliyezoea lugha nyingine anaandika salio kujumlisha 2000. JavaScript inaunganisha maandishi: 500002000. Mwanachama mwenye elfu hamsini amekuwa na milioni mia tano na elfu mbili, na hakuna kosa lililotupwa popote. Hata count(*) hurudi kama maandishi kwenye draiva hiyo, kwa sababu PostgreSQL huihesabu kama BIGINT. Kolamu ikiwa NUMERIC (namba ya desimali iliyo kamili), Python inakupa Decimal na senti zote zipo. PHP inakupa maandishi ambayo, ukiyajumlisha, yanageuka kuwa namba ya desimali isiyo kamili. Go haina aina ya desimali kwenye maktaba yake ya msingi, na watu wengi huisoma kwenye float64 na kusonga mbele. Kolamu ni moja na thamani ni moja, lakini kila lugha imepata kitu chake. ORM ya kila lugha inaweza kufunika hilo ndani ya lugha yake. Haiwezi kuona kwamba mwenzake wa lugha ya pili amefunika kwa namna nyingine.

Saa nazo zina matatizo zaidi, na hapa nitaeleza tukio moja nililolishughulikia mwenyewe. Chama kimoja cha akiba na mikopo kilikuwa na mfumo wa Laravel, fremuweki ya PHP, kwa ajili ya makarani, na baadaye ikaongezwa huduma ndogo ya Go ya kupokea taarifa za malipo ya simu. Zote ziliandika kwenye jedwali moja la miamala, kwenye kolamu ya timestamp isiyo na ukanda wa saa. Laravel ilikuwa imewekwa saa za Dar es Salaam, kwa hiyo iliandika saa ya ukutani. Huduma ya Go iliendeshwa kwenye kontena la saa za UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya Dar es Salaam kwa saa tatu), na draiva yake iliandika tarehe na saa kama ilivyopewa, bila kutaja ukanda. Mwanachama alituma shilingi 150,000 kwa simu usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi, saa saba na dakika ishirini. Go ikaandika 28 Februari, 22:20. Laravel ikaisoma rekodi hiyo kama saa ya Dar es Salaam, na karani akaona akiba imeingia tarehe 28 Februari, saa nne na dakika ishirini usiku. Malipo yote ya simu yalikuwa nyuma kwa saa tatu, lakini mchana hakuna aliyejali, tarehe ilikuwa sahihi. Yaliyohama siku yalikuwa yale ya kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku, na yaliyohama mwezi yalikuwa ya usiku mmoja tu kwa mwezi. Gawio lilihesabiwa kwa salio la mwisho wa mwezi.

Katika tukio hilo kila mtu alikuwa amefuata nyaraka za chombo chake. Hata ORM zenyewe hazikubaliani juu ya neno "tarehe na saa". Kwenye PostgreSQL, Django huunda kolamu yenye ukanda wa saa. Prisma, usipoiambia vingine, huunda isiyo na ukanda na kuichukulia kuwa UTC. SQLAlchemy ya Python nayo huanza na isiyo na ukanda. Kwenye kusoma, draiva ya Node huichukulia kolamu isiyo na ukanda kuwa saa za mashine inayoendesha programu, ile ya Go huichukulia kuwa UTC, psycopg hukupa tarehe isiyo na ukanda wowote ujiamulie mwenyewe. Kwa nchi iliyo kwenye UTC yenyewe, tofauti hizi zinaweza kulala miaka. Sisi wa saa tatu mbele ya UTC tunakutana nazo kila usiku.

Yapo mengine yasiyoonekana kwenye msimbo kabisa. JDBC huanza na kuhifadhi kila amri papo hapo. PEP 249 inataka kinyume chake, muamala (kundi la amri linalohifadhiwa lote kwa pamoja au kutohifadhiwa kabisa) ufunguke wenyewe na usubiri uthibitishe. Mtu wa Java anayeandika hati yake ya kwanza ya Python huingiza rekodi, hapati kosa, anafunga muunganisho, na rekodi zimeyeyuka. Au anasoma tu kwa SELECT na kuuacha muunganisho wazi. Muamala unabaki umening'inia, na mwenzake anayetaka kubadilisha jedwali hilo anakwama nyuma yake pamoja na foleni nzima inayofuata. Miunganisho nayo ina hesabu yake. PostgreSQL huanza na kikomo cha miunganisho 100, na 3 kati ya hiyo imetengwa kwa msimamizi. Nakala 4 za huduma ya Java zenye HikariCP, maktaba ya kutunza miunganisho, huweza kushika 10 kila moja, ambayo ni 40. Nakala 4 za Node zenye pg, 10 kila moja, 40 nyingine. Michakato 2 ya Python yenye SQLAlchemy huruhusu 5 na ziada ya 10 kila mmoja, jumla 30. Hiyo ni 110, na hakuna hata timu moja iliyogusa mpangilio wowote. Go haina kikomo mpaka ukiweke. Ndiyo maana nasema habari ya Prisma 7 ilipaswa kusomwa na watu wa seva kabla ya watu wa lugha: Prisma ya zamani ilipanga ukubwa wa hodhi lake (akiba ya miunganisho iliyo wazi) kwa idadi ya viini vya prosesa mara mbili kujumlisha moja, sasa hodhi ni la draiva. Kwenye mashine ya viini 8 umetoka 17 ukaingia 10, kwa kusasisha toleo tu.

Wapo wanaosema usalama peke yake unatosha kuwa sababu ya kubaki na ORM, na wengine wanasema akili mnemba imeondoa sababu hiyo. Hoja zote mbili naziona dhaifu. Novemba 2025 Django ilitoa marekebisho ya udhaifu ambapo kamusi ya data ya mtumiaji, ikipitishwa nzima nzima kwenye filter, iliweza kubeba neno _connector na kuchomeka SQL. ORM hiyo ni ya watu makini sana, na bado. Mwaka 2024 draiva ya Java ya PostgreSQL ilikutwa na udhaifu unaofundisha zaidi. Ukiiweka kwenye hali ya maulizo sahili, ambayo si ya kuanzia, draiva hupachika thamani ndani ya maandishi ya SQL yenyewe. Sasa fikiria ulizo lenye alama ya kutoa iliyogusana na nafasi ya kigezo, na mtumiaji akaleta namba hasi. Alama mbili za kutoa zinakutana, na kwenye SQL alama mbili za kutoa ni mwanzo wa maoni: kilichobaki kwenye mstari huo kinafutika machoni pa hifadhidata, na kigezo cha maandishi kinachofuata kikibeba mstari mpya, yaliyomo yanageuka kuwa amri. Mwandishi alikuwa ametumia vigezo kama alivyofundishwa. Kosa lilikuwa chini yake. Kuhusu akili mnemba, inaandika SQL nzuri, nakubali, naitumia kila siku. Lakini kwenye Python tofauti ya ulizo salama na ulizo la hatari ni alama moja baada ya maandishi: ukiweka mkato na kumpa draiva kigezo, uko salama, ukiweka alama ya asilimia, Python imepachika mwenyewe kabla draiva hajaona kitu. Misimbo yote miwili hufanya kazi kwenye majaribio. Anayepitia msimbo huo lazima ajue draiva inafanya nini, na hapo msaidizi wa kuandika hajampunguzia ujuzi anaouhitaji.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayorudiwa zaidi: tumia ORM ili siku moja uweze kubadili hifadhidata. Ni dhaifu kwanza kwa sababu haifanyi kazi inavyodaiwa. Kwenye MySQL, kwa mpangilio wa kuanzia, 'Amina' na 'amina' ni sawa. Kwenye PostgreSQL si sawa, na utafutaji wa wanachama uliofanya kazi miaka mitano unaanza kurudisha ukurasa mtupu. SQLite haisimamii funguo za kigeni mpaka uiwashie kwa kila muunganisho, kwa hiyo majaribio yaliyopita kwenye laptop hayakujaribu kitu ulichodhani. MySQL hukamilisha muamala yenyewe unapobadilisha muundo wa jedwali, na badiliko likifeli katikati unabaki na nusu. ORM haiondoi hata moja kati ya hayo. Lakini udhaifu mkubwa ni kwamba inajiandaa kwa safari isiyotokea. Mifumo mingi niliyoiona ina hifadhidata ile ile iliyoanza nayo, na lugha zimekuja na kuondoka juu yake: PHP ya mwanzo, kisha Node kwa ajili ya simu, kisha Python kwa ripoti.

Na ORM inakusumbua hasa pale lugha inapoongezeka, kwa sababu imeweka sheria za data mahali ambapo lugha nyingine haziwezi kuzifikia. Ukiandika thamani ya kuanzia (default) kwenye modeli ya Django, thamani hiyo huishi kwenye Python tu; jedwali lenyewe haliijui, isipokuwa ukitumia db_default iliyokuja na toleo la 5.0 la Desemba 2023. Huduma ya Node inayoingiza rekodi hapo hukataliwa kwa kolamu tupu ambayo kila aliyesoma modeli anaapa ina thamani. Prisma huhesabu uuid() na muda wa mabadiliko upande wa programu, kwa hiyo mtu akisahihisha rekodi kwa psql, zana ya mstari wa amri ya PostgreSQL, muda wa mabadiliko haubadiliki. Laravel ina ufutaji laini: mwanachama akiondolewa, kolamu ya deleted_at inajazwa tarehe na Laravel haimwoni tena. Ripoti ya Python inamwona vizuri sana na kumhesabu. Kanuni ya "unique" ya uhakiki wa fomu kwenye Laravel huuliza kwanza kama namba ipo, kisha ndipo uhifadhi. Maombi mawili yakifika pamoja yote hupata jibu la "haipo", na bila faharasa ya kipekee kwenye jedwali una wanachama wawili wenye namba moja.

Jibu kali zaidi ninalolipata kwa hoja hii ni kwamba kila huduma inapaswa kuwa na hifadhidata yake, na lugha nyingine zipite kwenye API, yaani mlango wa maombi wa huduma hiyo badala ya jedwali lenyewe. Hilo ni jibu zuri kwa kampuni yenye timu nyingi na watu wa kulinda mipaka hiyo. Kwa ofisi ya watu watatu yenye seva moja na mhasibu anayetaka ripoti Ijumaa, jedwali moja litasomwa na kila mtu, na sioni aibu katika hilo. Wengine huogopa kurudi enzi za mantiki yote ya biashara kuzikwa kwenye taratibu ndani ya hifadhidata, zisizojaribika wala kusomeka. Woga huo ninao pia. Ila kuna tofauti kati ya mchakato na sharti. Namna mkopo unavyopitishwa, nani atie saini kabla ya nani, huo ni mchakato na mahali pake ni msimbo. Kwamba salio halishuki chini ya sifuri, kwamba namba ya uanachama haijirudii, kwamba mkopo hauwezi kuwa wa mtu asiyekuwepo, hayo ni masharti, na NOT NULL, UNIQUE, CHECK na ufunguo wa kigeni huyasimamia kwa lugha zote, zikiwemo zile ambazo bado hamjazichagua.

Kinachofuata kutoka hapo kinagusa namna tunavyopanga kazi. Muundo wa majedwali uwe na mwenye mali mmoja, zana moja ya kuubadilisha, hata kama ni ile ya Django inayotumiwa na timu ambayo nusu yake inaandika Go. ORM mbili zinazojaribu kubadilisha jedwali moja zitafutiana kazi. Siku lugha mpya inapoingia, kabla ya kujadili ORM yake, mtu mmoja akae na nyaraka za draiva na ajibu maswali manne kwa maandishi: fedha zinarudi kama aina gani, saa zinasomwa kwa ukanda gani, muamala unafunguka lini, na hodhi linashika miunganisho mingapi. Ni kazi ya asubuhi moja. Majaribio yaendeshwe kwenye hifadhidata ile ile ya kazini, na yaandike kwa lugha moja na kusoma kwa nyingine, kwa sababu jaribio la Go kuandika na Go kusoma lingepita kila siku kwenye kile chama cha akiba. Na wanaofundisha vijana wetu, vyuoni na kwenye kozi za miezi mitatu, wafungue angalau mara moja mlango wa katikati: waonyeshe ulizo likitoka kama baiti na likirudi kama thamani. Wanafunzi wengi ninaowapokea kazini wanajua SQL ya mtihani na wanajua modeli za fremuweki. Sehemu ya kati hawajawahi kuiona.

Kule kwenye chama, kubadilisha kolamu iwe yenye ukanda wa saa ilikuwa amri moja. Shida ilikuwa kwamba amri hiyo inataka uieleze hifadhidata saa zilizomo ni za wapi, na zilikuwa za sehemu mbili: rekodi za Laravel zilikuwa za Dar es Salaam, za Go zilikuwa za UTC, na hakuna kolamu iliyosema nani aliandika ipi. Tulizitenganisha kwa namba za kumbukumbu za malipo ya simu, kwa sababu rekodi za Go zilikuwa nazo na za makarani hazikuwa nazo. Zilibaki chache ambazo karani alikuwa ameinakili namba hiyo kwa mkono kutoka kwenye meseji ya mwanachama. Hizo tulizipitia moja moja, meseji kwa meseji, na ilituchukua siku mbili.